Ngariba wa Mtoto Wetu

Mama yangu alishuka kwenye basi la Masasi na jogoo kwapani, na kabla sijampokea kikapu aliniuliza, "Ameshatahiriwa?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeuliza, ameshatahiriwa?"

Nikamwambia mtoto hata kitovu hakijadondoka. Akashusha pumzi kama mtu aliyekuwa anakimbia. "Basi nimewahi," akasema, jogoo akanikabidhi mimi.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Dar. Miaka yote niliyomwomba aje kutembea alikuwa na sababu: mara korosho, mara kwaya, mara mbuzi amezaa. Safari hii hakuombwa. Nilipompigia simu kwamba mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, aliuliza tu basi linaondoka saa ngapi. Mama mkwe wangu alikuwa anaumwa miguu huko Njombe, hawezi kusafiri, kwa hiyo mama ndiye aliyekuja kumkanda mzazi na kumpikia uji.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, vyumba viwili mkono wa kulia kwenye nyumba ya Kiswahili iliyobanwa na ghorofa huku na ghorofa kule. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja wa Kimanyema aliyezaliwa humo humo ndani. Madalali walikuwa hawaishi kumjia wakitaka auze kiwanja wajenge. Yeye aliwakaribisha, akawapa maji baridi, akawauliza habari za wazazi wao, na wakaondoka bila jibu. Mimi nilikuwa na meza ya vifaa vya kushonea hatua chache kutoka pale: zipu, vifungo, lastiki, nyuzi. Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Tulijuana kwa sababu alirudisha zipu niliyomuuzia akisema ni mbovu, na kweli ilikuwa mbovu.

Kuhusu kumtahiri mtoto, tulikuwa tumeshakubaliana kwamba tutasubiri. Kwetu kusini mtoto wa kiume huingia jandoni akiwa na akili zake, na mimi niliingia nikiwa darasa la tatu. Kwao Njombe kaka zake walikwenda hospitali wakiwa vijana wa kuota ndevu. Mtoto mchanga wa kutahiriwa tulimwona kwa majirani tu, hapo Kariakoo, ambako Waislamu humaliza shughuli hiyo mapema. Nilimwambia mke wangu, "Akikua tutampeleka hospitali." Akasema sawa. Hakuuliza akikua kiasi gani, na mimi sikutaka aulize, maana kila nilipolifikiria jambo lile nilitafuta kazi nyingine ya kufanya.

Mama hakukubaliana na makubaliano yetu. Siku ya pili tu alikaa ukumbini kwenye mkeka na bibi mwenye nyumba, wanachambua mchicha kama mtu na shoga yake wa tangu usichana, na nikamsikia anauliza, "Mwenzangu, huyo anayewatahiri wajukuu zako anakaa wapi?"

"Buguruni. Lakini anakuja mpaka hapa hapa."

"Mkono wake?"

"Mwepesi. Wanangu watatu alitahiri baba yake. Wajukuu wote katahiri yeye. Tena kabla hajastaafu alikuwa muuguzi hospitali ya serikali, chumba cha upasuaji. Vyombo vyake anavichemsha, sindano ya ganzi anayo. Si wale wa kuja na wembe umefungwa kwenye kitambaa."

"Mwite," mama akasema.

Mke wangu alikuwa anamnyonyesha mtoto mlangoni mwa chumba chetu. Akainua uso. "Mama, huyo si Mwislamu?"

"Ndiye."

"Na sisi ni Wakristo."

"Najua mwanangu. Mimi na rozari yangu tumetoka Masasi pamoja." Mama aliendelea kuchambua mchicha. "Yesu alitahiriwa mchanga. Siku ya nane. Hakungojea aote ndevu."

"Lakini Yesu alipelekwa kwa Wayahudi wenzake."

"Haya. Wayahudi wa Kariakoo wako mtaa gani? Niletee mmoja sasa hivi nitamwita. Kama hayupo, nitamwita aliyepo."

Bibi mwenye nyumba alicheka mpaka mchicha ukamdondoka. Mke wangu naye alicheka, lakini jioni chumbani aliniambia dada yake amepiga simu kutoka Magomeni, amesikia habari, na amesema mtoto akishasomewa na ngariba wa Kiislamu amekwisha silimishwa, huko kanisani watakwenda kubatiza nini? "Mimi siamini hivyo," akasema mke wangu. "Lakini nikisema siogopi nitakuwa mwongo."

Nikamfuata mama. Nikamwambia kama ni lazima sasa, basi twende hospitali.

"Hospitali watanifungia mlango," akasema.

"Wakikufungia mlango kuna nini? Utakaa kwenye benchi, wakimaliza utaitwa."

Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa. "Nimeshakaa kwenye benchi," akasema, akaenda kumchemshia mzazi maji ya kukandwa.

Ngariba alikuja asubuhi ya Jumamosi. Nilitegemea mzee wa kanzu na kofia, nikaona mtu aliyeanza kuzeeka, shati la kitenge, suruali ya kupigwa pasi, begi la mgongoni kama la mtoto wa shule, na karafuu mdomoni. Alivua viatu, akanawa mikono kwa sabuni bombani uani, akanawa tena, ndipo akaomba kumwona mtoto. Hakumshika kwanza. Alimtazama tu, akambeba mpaka mlangoni penye mwanga, akambonyeza kidogo paji la uso kwa kidole, akatazama weupe wa macho.

"Leo sifanyi," akasema.

Mama alishtuka. "Kwa nini, baba?"

"Ana manjano. Si ya kutisha, lakini yapo. Mpelekeni kliniki wamwangalie. Akipona, akashiba maziwa, akaongezeka mwili, mniite. Mtoto hakimbii, na mimi sikimbii."

Kisha akatuuliza maswali, mimi na mke wangu, mmoja mmoja. Kwenu kuna mtu akijikata damu haikatiki haraka? Mtoto alizaliwa salama? Anakojoa vizuri, mkojo unatoka kwa nguvu? Mke wangu alijibu yote, na nikaona mabega yake yanashuka kidogo kidogo. Mwisho akajikaza akamuuliza lililokuwa moyoni.

"Baba, samahani. Ukimtahiri, utamsomea?"

"Nitasema bismillahi. Mkono wangu haujui kuanza bila hiyo."

"Sasa... haitamfanya kuwa Mwislamu?"

Ngariba akaihamisha karafuu shavu la pili. "Mama, nyama mnanunua wapi?"

"Hapo sokoni."

"Mbuzi yule amechinjwa kwa bismillahi. Mnamla, mnashiba, Jumapili mnakwenda kanisani. Kama neno langu moja linasilimisha, basi nyinyi nyote mmesilimu tumbo zima tangu mje Kariakoo."

Bibi mwenye nyumba alijifunika uso kwa kanga. Mke wangu alijaribu kujizuia, akashindwa. Ngariba hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akasema kwa upole, "Mimi nasema langu. Nyinyi semeni lenu, tena kwa sauti. Wakristo wengi wananiita, hata mwinjilisti mmoja ameniletea wanawe. Mtoto nitakayempokea Mkristo nitamrudisha Mkristo."

Alipoondoka, mke wangu alisema, "Huyu ningempa mtoto wangu." Alimpigia dada yake Magomeni akamsimulia habari ya mbuzi. Dada yake alikata simu, kisha akapiga tena akiwa bado anacheka.

Kliniki walimwangalia mtoto wakasema tumnyonyeshe sana na turudi tena kupimwa. Manjano yakaisha. Mashavu yakajaa. Katika kungoja kule nilikwenda Mchafukoge kuchukua mali kwa mama mmoja wa Kihindi ninayenunua kwake kwa jumla, mwanamke mkali ambaye kwa miaka yote hajawahi kuniongezea hata kifungo kimoja. Aliniuliza mbona nimepauka. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, "Sisi hatutahiri," akasema, "lakini kitambaa cha ngozi ya mtoto nakijua." Akapanda ngazi mwenyewe, akashusha jora la bafta laini, akakata kipande kirefu akakikunja. "Fua mara mbili kwanza, wanga utoke. Usimfunge na kitu kigumu." Nilipotaka kushukuru alishageukia mteja mwingine.

Siku yenyewe mama aliamka mapema kuliko kuku wake. Alioga, akavaa kitenge alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya ubatizo, akafagia ukumbi ambao bibi mwenye nyumba alikuwa ameshaufagia. Alitandika mkeka, juu yake shuka jeupe, juu yake bafta. Kisha akakaa pembeni, miguu ameinyoosha, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa.

Ngariba alifika, akanawa, akapanga vyombo vyake kwenye trei. Akamuuliza mke wangu kama mtoto amenyonya, akamwomba akamue maziwa kidogo kwenye pamba safi, mtoto ainyonye kidogo kidogo wakati wa kazi. Kisha akaniangalia mimi.

"Baba mtu, kaa hapa. Utampakata."

Nilijua lingekuja hilo. Kwa desturi ya nyumba ile anayempakata mtoto ni mwanamume, na heshima yake ni kubwa. Nilikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, wakaniwekea mto mapajani na mtoto juu ya mto. Alikuwa mwepesi, amelewa maziwa, mdomo wazi. Ngariba akaninyoosha mikono akanionyesha pa kumshika, mapajani, kwa utulivu, bila kumbana.

Na hapo ndipo nilipoingiwa na kitu. Harufu ya spiriti ilinipanda puani, na kwa ghafla sikuwa Kariakoo. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, alfajiri, tumevushwa mto uliokauka, na ngoma zimeanza. Ngoma zile hazikuwa za furaha. Nilikuja kuelewa ukubwani kazi yake: zilipigwa ili kilio cha mtoto kisifike kijijini. Mwanamume mmoja alinishika kwa nyuma, mwingine akanifumba macho kwa kiganja chenye harufu ya tumbaku. Nililia kwa nguvu zangu zote, na sauti yangu mwenyewe sikuisikia.

"Baba," ngariba akasema.

Nikatazama chini. Mikono yangu ilikuwa imembana mapaja, na mtoto alikuwa ameamka, anahangaisha miguu.

"Siyo aibu," akasema, chini chini, kwa ajili yangu peke yangu. "Tena inatokea sana kwenu nyinyi mliocheza ngoma ya jandoni mkiwa wakubwa. Lakini mtoto anasikia mikono. Mpe mwingine."

Nilifikiri atamwita mmoja wa wana wa bibi mwenye nyumba, wapo pale wamesimama. Kabla hajamwita yeyote mama alikuwa ameshasimama.

"Nipe."

"Mama, kwa kawaida ni mwanamume..." bibi mwenye nyumba alianza.

Mama hakumjibu. Alisimama mbele ya ngariba, mfupi kuliko yeye, na akasema bila kupandisha sauti, "Baba yangu, nimetoka Masasi kwa ajili ya hili tu. Nakuomba."

Ngariba alimtazama. Sijui aliona nini. Akasogea kando, akasema, "Nani kasema bibi hawezi? Kaa, mama. Nawa mikono kwanza."

Alinawa mpaka kwenye viwiko. Akakaa kwenye kigoda changu, mimi nikasogea nikasimama nyuma yake, mke wangu akapiga magoti ubavuni na pamba yake ya maziwa. Mikono ya mama ilikuwa migumu kwa jembe, mikubwa kuliko yangu, na ilimshika bila kumbana. Mtoto akatulia.

Ngariba akachoma sindano ya ganzi, mtoto akalia kwa hasira, tukangoja. Akambonyeza, akangoja tena. Hakuwa na haraka. Kisha akasema "Bismillahi," na papo hapo, kama aliyepewa ishara, mama akaanza Salamu Maria kwa sauti ya kanisani. Bibi mwenye nyumba aliinamisha kichwa, akawa anasoma zake midomo ikicheza. Mke wangu Mlutheri hakujua aseme nini, akasema, "Baba yetu uliye mbinguni," akaishia hapo, akarudia tena hapo hapo.

Mtoto alilia. Sidhani kilikuwa kilio cha maumivu makubwa. Kilikuwa cha kushikwa, cha kuchoka, cha kutaka ziwa. Mama akaiacha sala katikati. Akainama mpaka uso wake ukakaribia uso wa mtoto.

"Lia, baba," akamwambia. "Lia. Nakusikia. Mimi nipo, nakusikia."

Akarudia vile vile, bila kuchoka, mpaka ngariba akasema, "Tayari, mama. Alhamdulillahi. Mpeni mama yake anyonye."

Bibi mwenye nyumba akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichowatoa watu kwenye ghorofa la jirani wakachungulia. Mimi nilitoka uani. Nilijifanya nakwenda kutazama maji kama yanatoka bombani.

Ngariba hakuondoka mara moja. Alikaa kwenye mkeka karibu na mke wangu, akawa anafunua nepi na kutazama, anafunika, anafunua. Akatufundisha kumpaka mafuta, kumfunga kile kipande cha bafta kwa ulegevu, na dalili za kutukimbiza hospitali bila kumngoja yeye: damu isiyokatika, homa, mtoto kukataa ziwa, kutokojoa. Alimkaririsha mke wangu maneno hayo kama mwalimu, mpaka akayasema yote bila kukosea.

Mchana mama alikuwa uani anafua nepi. Nikachuchumaa nikachukua moja nikaanza kukamua. Kwetu mwanamume aliyepita jandoni hafui na mama yake, lakini pale hakuna aliyekuwa anatuona isipokuwa jogoo. Tulifua nepi tatu nne.

Kisha akaanza mwenyewe, macho kwenye beseni.

"Mlipochukuliwa, walituambia tukae ndani. Tusigombane, tusitie chumvi kwenye mboga, mpaka mpone. Sawa, tukakaa. Ngoma zikaanza. Tulikuwa wanawake sita nyumba moja, kila mmoja ametega sikio apate kumjua wa kwake. Ngoma hazikuacha hata nafasi ya kupitisha uzi. Nikasema, Mungu wangu, mwanangu analia saa hii na mimi simsikii. Hilo ndilo lililoniuma. Kulia utalia tu, kila mtoto analia. Lakini kulia bila mama yako kusikia?"

Nikachukua nepi nyingine.

"Mwezi ule wote hakuna wa kukuambia mtoto wako hajambo. Ukiuliza unaambiwa, mambo ya wanaume. Kisha mkatoka. Nguo mpya, mmepakwa mafuta, mnang'aa. Nikakukimbilia. Wewe ukasimama pale pale, ukanipa mkono kwa mbali, 'Shikamoo mama,' kama unamsalimia mke wa mwalimu."

"Nilifundishwa hivyo," nikasema.

"Najua ulifundishwa. Na mimi niliambiwa nisilie mbele yako. Basi wote tulitii." Akakung'uta nepi moja, akaitazama dhidi ya mwanga. "Ulikuwa mtoto wa kulala mgongoni kwangu, wewe. Ulipenda kushika sikio langu. Ukarudi mtu mzima, hata kitandani kwangu hukukaa tena."

Ni kweli. Nilikuwa nikirudi Masasi kila baada ya miaka michache, na kila mara nilikaa kwenye kiti, yeye kwenye kigoda chake, kati yetu sinia. Nilidhani ndiyo heshima. Nilidhani anapenda hivyo.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Ulikuwa mwanamume." Akacheka kidogo. "Kamua vizuri, hiyo bado ina maji."

Nikaikamua tena. Jioni, alipokuwa amejilaza kwenye godoro lake chumba cha pili, niliingia kumpelekea chai. Kulikuwa na kiti pale. Nilikaa kwenye godoro, upande wa miguu yake. Alisogeza miguu nipate nafasi. Tuliongea habari za korosho.

Ngariba alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku kadhaa baadaye, hakuna aliyemwita. Mama alisema haiwezekani mtu anakuja kumwona mjukuu wake anaondoka na mdomo mkavu, na akaamua kumpikia jogoo wa Masasi. Hapo kukawa na mjadala. Mama alitaka kumchinja mwenyewe kama anavyochinja nyumbani. Mke wangu akamkumbusha kwamba mgeni hatamla. Mama alisimama na kisu mkononi, akafikiri, kisha akamchukua jogoo kwapani na kwenda kwa bibi mwenye nyumba kuomba mtu wa kuchinja. Mmoja wa wana wa nyumba ile akamchinja uani kwa bismillahi, mama amesimama anatazama asikosee.

"Sasa nimesilimu," alimwambia ngariba alipomwekea sahani.

"Bado kidogo," ngariba akasema. "Mpaka umalize paja."

Walikula pamoja ukumbini, mama, ngariba na bibi mwenye nyumba, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mama akiwasimulia watu wa mjini habari zangu za utotoni: nilivyoanguka kwenye mkorosho, nilivyoogopa bata. Ngariba alisikiliza kwa makini. Aliuliza kuhusu bata.

Kidonda kilipona vizuri. Kigaga kilipodondoka mama alipiga kigelegele chake mwenyewe, akafunga kikapu, akasema mbuzi wake hawana mtu. Nilimsindikiza stendi. Kabla ya kupanda alinivuta kichwa chini kwa mikono yote miwili, akanishika masikio, akaniachia. Watu walikuwa wanasukumana nyuma yake na kondakta anapiga kelele. Akapanda. Nilisimama pale hata baada ya basi kuondoka, masikio yanawaka moto, mtu mzima wa ndevu.

Mtoto alibatizwa mwaka ule ule. Dada wa mke wangu, yule wa Magomeni, ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo. Wateja wangu wengine pale mezani, Wakristo wa kusini kama mimi, walipopata watoto wa kiume walikuwa wanakuja kunong'ona, wananiuliza huyo mzee wa Buguruni anapatikana vipi, na je, ni kweli atamsomea mtoto. Nilikuwa nawapa habari ya mbuzi, kisha nawapa namba. Wengi walikwenda. Wawili watatu walisema watasubiri. Sikumlazimisha mtu, hofu hiyo naijua.

Juzi nilipita Buguruni na mwanangu. Siku hizi yuko darasa la kwanza na amekuwa mtu wa maswali. Ngariba ameacha kazi. Macho yamepungua nguvu, na yeye mwenyewe alisema mtu asiyeona vizuri asishike kisu karibu na mtoto wa mwenzie. Tulimkuta kwenye kibaraza chake amekaa kwenye kiti cha plastiki, karafuu mdomoni.

"Huyu nani?" mwanangu akaniuliza kwa sauti kubwa.

"Msalimie. Huyu ni babu yako."

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Mkubwa huyu! Unasoma?"

"Nasoma. Nina jino linatikisika." Akafungua mdomo wote, akalisukuma kwa ulimi mbele nyuma, mzee akainama sana kulitafuta. "Baba anasema anaogopa kuling'oa. Wewe unaweza?"

"Mimi siyo wa meno," mzee akasema.

"Wewe ni wa nini?"

Ngariba akanitazama, mimi nikatazama barabarani. "Mimi," akasema, "ni mtu ambaye bibi yako alinipikia jogoo. Hajambo bibi yako?"

"Hajambo. Anakuja mwezi ujao. Analala kitanda changu."

"Na wewe utalala wapi?"

Mwanangu alimwangalia kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo la kijinga. "Na yeye," akasema.